Msiwasubirishe mama zetu mkitafuta "goti la kike"

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu kutoka Tanga. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji maana hili jambo limenikaa rohoni na naona kila siku linazidi kuenea. Kuna maneno yanazunguka kwenye simu, sijui yalianzia wapi, yanasema mwanamke akibadilishiwa goti lazima awekewe goti bandia lililotengenezwa maalumu kwa wanawake, eti haya mengine ni ya kiume na yatamtesa mpaka anaingia kaburini. Watu wanaamini kabisa. Wanaanza kuchangishana hela za kwenda nje kulifuata hilo goti, hela hazitimii, na mama wa watu yuko ndani anatambaa.

Mimi nimekuwa nesi wodi ya mifupa mpaka nimestaafu, kwa hiyo magoti nimeyaona, ya kabla ya oparesheni na ya baada. Na kilichonifanya niandike ni dada yangu mkubwa. Magoti yake yamesagika yote mawili, la kulia ndio baya zaidi, mguu umepinda kwa nje kama unavyoona kwa mama wengi wa umri wake. Daktari alishasema hapa dawa zimefika mwisho, tubadilishe goti, na akasema linafanyika hapa hapa nchini. Nikashukuru Mungu. Sasa kwenye grupu la familia mpwa wangu mmoja akatuma ujumbe, "Shikamoo mamdogo, tusikubali wamuwekee goti la kawaida, tusubiri tupate la wanawake India", wenzake wakadakia, na oparesheni ikasogezwa mbele mara ya kwanza, ikasogezwa tena. Nia yao nzuri, wanampenda mama yao, sina ugomvi nao. Ila kusubiri kwenyewe ndio kulikokuwa kunamuumiza.

Basi nieleze hilo goti ni kitu gani, maana lipo kweli.

Mwaka 2006 kampuni ya Marekani inaitwa Zimmer, makao yake yako mji wa Warsaw jimbo la Indiana, ilipata kibali cha kuuza goti waliloliita Gender Solutions, wakalitangaza moja kwa moja kwa akina mama wenyewe, yaani mgonjwa anafika kwa daktari tayari ana jina la goti analolitaka. Hoja yao ilianzia kwenye maumbile. Ncha ya chini ya mfupa wa paja wa mwanamke, ukipima kutoka mbele kwenda nyuma ukakuta inalingana na ya mwanaume, ukija kupima ubavu kwa ubavu mara nyingi ya mwanamke ni nyembamba zaidi. Halafu nyonga zetu ni pana, kwa hiyo msuli wa paja unavuta pia ya goti, yaani kile kifupa cha mbele ya goti, kwa pembe kubwa kidogo kuliko kwa wanaume. Wao wakabadilisha vitu vitatu kwenye kile kipande cha chuma kinachovikwa kwenye paja: wakapunguza upana wake, wakapunguza unene wa sehemu ya mbele pale inapopita pia ya goti, na ule mfereji ambamo pia inateleza wakaulaza kidogo kwenda nje. Basi. Sehemu nyingine ni ile ile ya siku zote, chuma cha kobalti na kromiamu juu, kibao cha chuma chini kwenye muundi, katikati plastiki ngumu inayofanya kazi ya gegedu, ile tabaka laini inayozuia mifupa isisuguane.

Na hiyo hoja ya upana sio ya uongo, naomba nieleweke. Daktari wa upasuaji anapima, anachagua saizi. Akichagua kwa kufuata urefu wa mbele na nyuma anaweza kukuta chuma kimezidi pembeni kama kifuniko kilichozidi mdomo wa sufuria, na ile sehemu iliyozidi inasugua nyama na kano kila mgonjwa anapokunja mguu. Akishuka saizi ili pembeni pakae sawa, inabidi akate mfupa zaidi kwingine, na goti linaweza kulegea. Kuna watafiti Marekani walipima hili jambo chumba cha upasuaji wakachapisha 2010, wakakuta chuma kilichozidi milimita 3 au zaidi kwenye magoti 68 kwa kila 100 ya wanawake, kwa wanaume ilikuwa 40. Na waliozidiwa na chuma hivyo uwezekano wa kuwa na maumivu miaka miwili baadaye ulikaribia kuwa mara mbili ya wenzao. Kwa hiyo mwanamke anayesema baada ya oparesheni bado panauma pembeni asiambiwe anadeka. Nimesikia hayo maneno wodini yakisemwa na wenzetu wa kazi na yalikuwa yananichoma.

Sasa je, hilo goti la wanawake ndio lilimaliza tatizo? Hapa ndipo watu hawafikishi. Korea Kusini madaktari walifanya kitu kizuri sana, walichukua akina mama ambao magoti yote mawili yanahitaji kubadilishwa, wakawawekea upande mmoja goti la kawaida upande wa pili goti la wanawake, kila mama mwili ule ule, uzito ule ule, kazi zile zile za nyumbani. Wakawafuatilia, wakachapisha mwaka 2010. Baada ya kama miaka miwili hawakuona tofauti ya maana, maumivu sawa, kukunja sawa, hata akina mama wenyewe walipoulizwa unaridhika na lipi majibu yalikuwa yanalingana. Na sio hao tu, waliokuja kukusanya tafiti mbalimbali za jambo hili wakazijumlisha pamoja walifika pale pale, kwamba goti la wanawake halijaonyesha kumpa mwanamke nafuu kuliko goti zuri la kawaida lililokaa vizuri.

Sababu yake ni kwamba wanawake hatufanani. Kuna mwanamke mrefu mwenye mifupa mipana na kuna mwanaume mfupi mwembamba. Ukigawa magoti mafungu mawili, la kiume na la kike, bado utakuta watu kibao hawaingii kwenye fungu lao. Watengenezaji wenyewe waliliona hilo, magoti yaliyokuja baadaye kama Persona ya hao hao Zimmer na Attune ya DePuy yana saizi nyingi zaidi, na kuna upana wa kawaida na upana mwembamba, daktari anachukua kinachomkaa aliyelala mezani pale awe mama au baba. Kwa hiyo mtu akikwambia goti la kawaida ni la kiume jua hajui kilichopo kwenye maboksi siku hizi.

Cha kumuuliza daktari basi ni hiki, na niliwaambia wapwa zangu hivyo hivyo: je hospitali yenu ina saizi zote au mmeletewa chache tu? Mkifungua mkakuta saizi mliyopanga haimkai, mna nyingine hapo hapo? Wewe mwenyewe umeshabadilisha magoti mangapi? Usione aibu kuuliza, daktari mzuri hakasiriki. Hospitali yenye seti kamili ya saizi na daktari anayeifanya kazi hiyo mara kwa mara ina faida kubwa kwa mama yako kuliko jina la kike lililoandikwa kwenye boksi.

Lakini Mhariri, kinachoniuma zaidi sio hata chuma. Kinachoniuma ni kwamba wanawake tunafika kwenye hiyo meza tumeshachelewa, na tulichelewa hata kabla ya hizi habari za goti la kike hazijaja.

Kuna utafiti wa Kanada, jimbo la Ontario, ulitoka 2008, nautaja kila ninapopata nafasi. Walimchukua mwanaume mmoja na mwanamke mmoja, wote umri wa miaka 67, wote goti limesagika kiwango kile kile, wakawafundisha waeleze shida zao kwa namna moja, wakawapeleka kwa madaktari 71, bila daktari kujua yupi ndio mgonjwa wa utafiti. Madaktari 42 kati ya kila 100 walimshauri mwanaume abadilishe goti na mwanamke hawakumshauri. Waliofanya kinyume chake, yaani wakamshauri mwanamke wakamwacha mwanaume, walikuwa 8 tu kati ya kila 100. Goti lile lile! Na huko huko Ontario miaka ya nyuma, utafiti uliotoka mwaka 2000, walikuta upungufu wa oparesheni za nyonga na goti kwa watu wanaozihitaji ni zaidi ya mara tatu kwa wanawake kuliko kwa wanaume, na wanawake hawakuwa waoga wa oparesheni, walikuwa tayari kama wanaume, tofauti ni kwamba wengi wao hakuna daktari aliyewahi kukaa nao kuzungumza hilo jambo. Hiyo ni Kanada, ambako oparesheni hulipii mfukoni. Sasa fikiria mama wa Muheza au Lushoto.

Kwetu inaanzia nyumbani. Baba akisema goti linauma, watoto wote simu zinapigwa, anatafutiwa gari, anapelekwa Muhimbili. Mama akisema, anaambiwa ni uzee mama, punguza kazi. Apunguze kazi gani? Ndio yeye anakaa kwenye mbuzi kukuna nazi, ndio anainama kufagia uwanja, ndio anachuchumaa kuwasha jiko, ndoo ya maji anainua yeye. Na mama zetu nao wamelelewa kutosema. Dada yangu alikuwa anashuka ngazi kinyumenyume ameshika ukuta, wajukuu wakadhani ni mchezo.

Akienda hospitali anapewa dawa ya maumivu anarudi. Dada yangu alizunguka vituo kadhaa, sitavitaja, karibu kote aliambiwa ni umri, hakuna aliyemvulisha akaliangalia lile goti akiwa amesimama, miaka mpaka miaka. Matokeo yake ni diklofenaki kila siku asubuhi na jioni, inanunuliwa dukani kwa vidonge kama pipi. Hapa naomba nisimame kidogo maana nimeona watu wakiharibika. Hiyo dawa ikitumika muda mrefu inachimba vidonda vya tumbo, inapandisha presha, inaua figo polepole, na mama wengi wa umri huo tayari wana presha. Sasa siku akikubaliwa oparesheni anakutwa figo hazisomi vizuri, damu imepungua kwa kidonda cha tumbo kinachovuja kimyakimya, oparesheni inaahirishwa, na lawama zinampata nani? Mama mwenyewe. Mwenye goti baya anayekunywa hizo dawa kila siku aende apimwe presha na figo, tafadhali sana.

Na kuchelewa kuna gharama hata kwenye oparesheni yenyewe. Msuli wa paja unakuwa umenyauka, goti halinyooki tena, mguu umepinda kiasi kwamba daktari anapata kazi kubwa kuunyoosha. Mtu aliyeingia akiwa bado anatembea anatoka akiwa mzuri zaidi kuliko aliyeingia amebebwa. Hii niliiona kwa macho yangu miaka yote ya kazi, na tafiti zinasema hivyo hivyo.

Sisemi kila goti linalouma likatwe, hapana. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 watu milioni 528 walikuwa na ugonjwa huu wa viungo kusagika duniani, wanawake ni kama 60 kwa kila 100, na wengi wao hawahitaji kisu. Mazoezi ya kuimarisha msuli wa paja yanasaidia sana, hata yale ya kukaa kwenye kiti unanyoosha mguu unashikilia kidogo unashusha. Uzito nao, kila kilo moja unayopunguza goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Haya yaanze mapema. Ila kuna hatua inafika mazoezi na vidonge havifui dafu, mama halali usiku, hawezi kufika chooni mwenyewe, na hapo goti bandia ndio dawa, na ni dawa nzuri. Utafiti mkubwa uliotoka 2019 ulionyesha kama magoti 82 kati ya kila 100 yaliyobadilishwa yanadumu miaka 25. Mama wa miaka 65 hilo goti linaweza kumsindikiza mpaka mwisho.

Niseme na ukweli mwingine ili mtu asije akasema nesi alitudanganya. Baada ya goti bandia wengi hawarudi kuchuchumaa. Goti likipona vizuri linakunja nyuzi 110 au 120 hivi, na choo cha kuchuchumaa kinataka zaidi ya hapo. Kuna magoti yanatangazwa kwamba yanakunja mpaka nyuzi 155, lakini wagonjwa walipolinganishwa hayakuleta tofauti ya maana na mengine. Kwa hiyo kabla hata ya siku ya oparesheni familia ijenge choo cha kukaa, au mnunue kile kiti cha plastiki chenye tundu kinachowekwa juu ya choo. Kwa Waislamu wenzangu, kusujudu wengine wanaweza wengine goti linakataa, na kupiga magoti hata pale inapowezekana wengi hawajisikii vizuri, uswali ukiwa kwenye kiti, dini imeruhusu. Mbuzi ya nazi mwachie mjukuu. Hizi ndizo habari zinazomhusu mwanamke kwenye goti lake, na ningefurahi sana kama tungezijadili kwa nguvu ile ile tunayojadili goti la kike.

Na mazoezi baada ya oparesheni, jamani. Kuanzia siku ya kwanza au ya pili mgonjwa anasimamishwa, anashika woka, anaanza kukunja. Panauma kweli, nisidanganye. Lakini wiki zile za mwanzo ndio goti linaamua litakunja kiasi gani, mkimhurumia mkamlaza mtamlaza moja kwa moja. Mama zetu wakirudi nyumbani wiki ya pili utawakuta wameshaanza kupanga sahani na kuuliza mboga imepikwa vipi, mazoezi ya fizio hayafanyiki kwa sababu nyumba ina kazi. Wanaume wenye nyumba, hapo ndipo mnapohitajika, mke wako akae kwenye kiti akunje goti lake na wewe upike wali.

Dada yangu mwishowe tulikaa naye na wapwa zangu, tukaenda wote kwa daktari, akawaonyesha picha ya eksirei, akawaonyesha na saizi alizonazo. Amefanyiwa goti la kulia hapa hapa nchini, goti la kawaida, saizi ya upana mwembamba. Anatembea, analala usiku, bado kuna uvimbe jioni na daktari anasema ni kawaida kwa miezi kadhaa. La kushoto linafuata. Hela zilizokuwa zimechangwa za India zimetumika kwenye fizio, choo cha kukaa na usafiri wa kliniki, na zimebaki.

Ombi langu la mwisho ni kwa Wizara ya Afya, na naomba gazeti lako liwaulize kwa niaba yetu. Sweden wanaandika kila goti linalobadilishwa tangu 1975, Uingereza wana rejista yao tangu 2003, na msije mkasema hayo ni mambo ya matajiri maana jirani zetu Malawi walianza ya kwao 2005. Na sisi tuwe na rejista ya nchi nzima inayoandika kila goti lililowekwa, ni la kampuni gani, saizi gani, mgonjwa ni mwanamke au mwanaume, ameishi na maumivu miaka mingapi kabla ya kukubaliwa, na goti limedumu vipi. Hapo ndipo tutajua lipi linawafaa wanawake wetu, na tutajua pia kama na sisi tunawaacha nje kama wale madaktari wa Ontario.

Wakati tunasubiri hilo, kila goti bandia linakuja na stika kwenye boksi zenye jina la kampuni, saizi na namba ya toleo, na nesi wa chumba cha upasuaji anazibandika kwenye faili. Mwenye mgonjwa aombe kupiga picha hizo stika au aandikiwe kwenye kadi yake akae nayo nyumbani, maana ikitokea miaka kumi baadaye goti limelegea, daktari mwingine atataka kujua ndani kumewekwa nini na faili la hospitali linaweza lisipatikane.

Wako,
Nesi mstaafu, Tanga